Thelathini na Sita Nukta Nne

Jumamosi, tarehe saba mwezi wa pili. Jua liliwaka tangu saa mbili asubuhi bila hata kiwingu, na upepo wa ziwa ulipoamka saa nane ulileta vumbi tu, mvua hapana. Nimerudi kutoka Mbita peke yangu. Tulikuwa tumekwenda wawili.

Naandika leo leo kwa sababu najijua. Nikilala na jambo, kesho yake linaamka likiwa limenipendelea. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo pengine sitayapanga vizuri, lakini nitajaribu kusema yaliyotokea bila kujipunguzia wala kujiongezea. Kujiongezea makosa nako ni namna ya kujisifu, hilo nimeligundua nikiwa mtu mzima.

Mimi ni Mkuria wa upande wa mpakani. Niliolewa hapa Sori, kwa Wajaluo wa kando ya ziwa, na kwa kuwa Kijaluo changu cha mwanzo kiliwachekesha mpaka mbuzi, tulizoea Kiswahili nyumbani na tumebaki nacho. Mke huku huitwa kwa jina la kwao, Nyar fulani, yaani binti wa mahali fulani. Basi mimi ni Nyar Kuria. Mke wa shemeji yangu, ambaye mlango wake na wangu inatazamana, ni Nyar Mbita. Sisi wake wa ndugu huitana nyieka, mke mwenzangu, ingawa kila mtu ana mume wake. Yeye hupenda kuniambia mbele ya watu, "Nyieka, leo mume wetu amekula kwako au kwangu?" na mume wangu hukimbilia nje kwa aibu.

Ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kujitolea. Tunapita nyumba kwa nyumba tukiuliza habari za watoto, vyandarua na vyoo. Korona ilipokuja tuliitwa tukafundishwa siku mbili, tukapewa barakoa, sabuni, na mimi nikapewa kipima joto kile kinachofanana na bastola, ambacho unamwelekezea mtu kwenye paji la uso bila kumgusa. Kituo changu kilikuwa pale bichi, mahali mashua zinapofikia na omena, dagaa wa ziwani, zinaponunuliwa. Kila anayeingia alitakiwa kunawa, kupimwa, na jina lake kuandikwa kitabuni pamoja na kiwango cha joto lake.

Watu walikiita bunduki. Wavuvi wakishuka walinyoosha mikono juu. "Usinipige risasi mama, niko na watoto wadogo!" Mwingine, mzee mmoja wa nyavu, alikuwa akirudi mara mbili asubuhi moja. "Nipige tena. Ile ya kwanza haikuingia." Wanawake wa omena walikuwa wakivua kitambaa cha kichwa na kufumba macho kama wanaoombewa. Nakubali nilipenda. Sijawahi kushika kitu ambacho watu wazima wanakipangia mstari.

Betri zilikufa mwaka wa pili, ule wa kafyu, marufuku ya kutoka nje kuanzia saa moja jioni kwetu huku ziwani. Nilimwambia ofisa aliyekuwa akitusimamia. Alisema zinakuja. Sisemi alidanganya, nadhani na yeye aliambiwa zinakuja. Nilinunua zangu dukani, zile za bei ya chini, zikakaa siku tatu. Nikanunua nyingine, zikakaa mbili. Nikamwendea mwenyekiti wa bichi nikamwambia kifaa hakifanyi kazi. Alikuwa na mambo yake, alikuwa anagombana na wauza barafu ya samaki. Akaniambia, "Nyar Kuria, wewe kaa pale tu. Wakikuja wakaguzi wakute mtu hapimi, hii bichi inafungwa, na hawa mama watakula nini?"

Hakuniambia nidanganye. Nimeyarudia maneno yake mara nyingi nikitafuta pale aliposema nidanganye, nisipaone. Alisema kaa pale. Yaliyobaki niliyaongeza mwenyewe.

Siku ya kwanza nilikaa na kitabu bila bunduki. Watu wakauliza, "Leo hatupimwi?" Nikaona wanaangaliana, na mama mmoja akasogeza beseni lake mbali na la mwenzake. Siku ya pili nikaitoa. Niliielekeza kwenye paji la uso la mtu wa kwanza, nikabonyeza, nikaangalia kile kioo chake kidogo ambacho kilikuwa cheusi kabisa, nikasema, "Thelathini na sita nukta tano." Yule mtu akasema asante. Ilikuwa rahisi hivyo.

Baada ya hapo nikawa fundi. Nilijua kukishika kioo kiwe upande wangu tu. Nilijua kubadilisha ile namba ya mwisho, huyu nukta tatu, yule nukta saba, ili ukurasa usionekane umeandikwa na mtu mmoja mvivu. Sikuwahi kushuka chini ya nukta moja wala kupanda hadi thelathini na saba. Hakuna mtu aliyepata homa pale bichi kwangu majuma yote yale. Ofisa alipokuja kukagua kitabu aliweka sahihi na kusema mwandiko wangu ni safi.

Sasa nifike kwa Nyar Mbita.

Mama yake alikuwa hai bado, kule Mbita, mzee wa kutembea na fimbo, na Nyar Mbita alikuwa na hamu naye. Alikuwa hajamwona kwa muda kwa sababu ya ile hofu ya kila mtu. Redio ilikuwa inasema kila siku tusiwapelekee wazee ugonjwa. Asubuhi moja alikuja pale kwenye meza yangu akiwa amevaa nguo ya safari. Nyuma yake kulikuwa na watu kama kumi na beseni zao.

"Nyieka," akasema, "leo nipime vizuri, si ile ya haraka unayowapiga hawa. Naenda kumwona mama. Mwili umelegea kidogo tangu jana, sijui ni kazi. Nikiwa na joto siendi."

Nasema tena kwa maneno yangu ili nisiyapite haraka: alisema akiwa na joto haendi. Aliniachia mimi uamuzi.

Ningeweza kuweka mkono shingoni kwake. Mkono wangu umegusa watoto wangapi wenye malaria na kujua kabla ya kipimo? Lakini watu walikuwa wanangoja nyuma yake, na kumgusa kungekuwa kuuliza mbele yao kwa nini bunduki haitoshi. Ningeweza kumvuta pembeni. Ningeweza kusema, "Nyieka, ngoja siku tatu." Niliinyoosha, nikabonyeza, nikahesabu kimya mpaka tatu ili ionekane ni ile ya vizuri aliyotaka.

"Thelathini na sita nukta nne."

"Kweli?"

"Nenda. Msalimie mama."

Nimejaribu sana kukumbuka kama macho yake yalikuwa mekundu asubuhi ile. Siku nyingine nakumbuka yalikuwa mekundu. Siku nyingine nakumbuka alikuwa anacheka, macho meupe kama kawaida. Kwa hiyo siandiki lolote, maana ukweli ni kwamba sikumwangalia. Niliangalia kioo cheusi.

Alikaa kwa mama yake siku mbili, akarudi. Alikohoa kidogo, lakini msimu ule nusu ya Sori ilikuwa inakohoa, mimi mwenyewe nilikohoa. Baada ya siku kama tisa au kumi simu ikaja kwamba mama amebanwa na kifua. Walimpeleka hospitali, wakamchukua kipimo cha puani, na kabla majibu hayajarudi mama akafariki. Majibu yakasema ni korona.

Wale waliokuwepo miaka ile wanajua mazishi yalikuwaje. Kwa Wajaluo marehemu hulala nyumbani kwake angalau usiku mmoja, watu wakiimba na kulia naye. Yule mama alitolewa mochari asubuhi akaingia kaburini kabla ya saa sita, watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki wakimshusha kwa kamba, na watoto wake wakitazama kutoka kwenye ua. Nyar Mbita aliniambia baadaye kilichomuuma zaidi: mama hakuvalishwa lile gauni alilojiwekea la kuzikwa nalo, lilibaki sandukuni.

Na hapo ndipo ndugu zake wawili walipoanza. Kaka mkubwa, mwalimu mstaafu, alisema wazi: mama alikuwa hatoki, na mgeni aliyelala pale juma lile alikuwa mmoja. Hawakumpiga, hawakumtukana. Waliacha tu kumpigia simu. Akienda nyumbani kwao alipewa kiti na chai kama mtu wa ukaguzi.

Akirudi kutoka huko alikuwa akija jikoni kwangu, anakaa kwenye kigoda, anasema, "Waache waseme. Angalau wewe ulinipima." Maneno hayo nimeyasikia miaka karibu mitano. Aliyasema akiwa ananisaidia kuchagua mchele. Aliyasema kanisani akitoa ushuhuda: Mungu alimpa mtu wa kumpima siku ile, kwa hiyo analala usingizi. Watu wakasema amina. Na mimi nilisema amina.

Kuna jambo lingine nitaliandika ingawa sijui niliweke upande gani. Chanjo ilipokuja watu wengi hapa waliikataa, walisema inafunga uzazi, inaua baada ya miaka miwili. Mimi nilipita nikiwashawishi, na mara nyingi nilisikia, "Wewe ndiye ulitupima wakati ule, basi tutakuja." Wakaja kweli. Wazee walichanjwa kwa sababu ya bunduki iliyokuwa imekufa. Nikijaribu kufurahia hilo najiona mwizi anayehesabu sadaka aliyotoa.

Wiki iliyopita Nyar Mbita alikuja asubuhi uso ukiwa umechangamka. Ndugu zake wanaandaa rapar, ile sherehe ya kumkumbuka marehemu, kubwa, ambayo mabinti walioolewa hufika na ng'ombe au mbuzi na watu wa upande wa mume wakiimba. Kaka mkubwa alikuwa ametuma neno: kabla hajaja na ng'ombe wake, yale ya mama yazungumzwe yaishe, la sivyo asije.

"Nimewaambia nina shahidi," akasema. "Na nina maandishi. Kile kitabu unacho bado?"

Ningesema kimeliwa na mchwa. Nakiri nililifikiria hilo. Nikasema, "Kipo."

"Basi Jumamosi twende wote. Wewe ni Mkuria, watakuamini. Huna upande pale." Akanipiga begani. "Nyieka, mimi nitazikwa na deni lako."

Tuliondoka leo alfajiri kwa gari linalopita Sindo. Njia nzima alikuwa akizungumza juu ya ng'ombe, kama anunue wa rangi gani, na gauni la mama, kama lingefaa kutolewa siku ya rapar apewe mjukuu. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu magotini. Nilikuwa nimeamua. Uamuzi wangu, niuandike bila kuuficha, ulikuwa kwamba nitakifungua, nitaonyesha mstari, na nitanyamaza. Nilijiambia uongo huo ulikuwa umeshamlisha mtu amani miaka mingi. Kuuvunja sasa ni ukatili, na ungekuwa kwa faida ya roho yangu tu. Hata sasa sina hakika kwamba hoja hiyo ilikuwa mbaya.

Tulikaa sebuleni kwa marehemu, kwenye makochi yenye vitambaa vya kushona alivyoshona mwenyewe. Alikuwepo mwalimu, alikuwepo mdogo wake ambaye ana mashua pale Mbita, na mke wa huyo mdogo, ambaye ndiye alikuwa akimpikia na kumwogesha mama mpaka mwisho. Alikuwa akiingia na kutoka na chupa ya chai. Mtu mpole, hana maneno mengi.

Mwalimu alivaa miwani. "Nyar Kuria, karibu. Umetoka mbali kwa jambo lisilo lako. Hebu tuone."

Nikafungua ukurasa. Aliweka kidole kwenye mstari kama anayesahihisha daftari la mtoto, akasoma jina la dada yake, mahali anapotoka, halafu, "Thelathini na sita nukta nne." Akarudia. Akaangalia sahihi ya ofisa chini ya ukurasa. Akavua miwani.

"Dada yangu," akasema, na sauti yake ilibadilika. "Nimekukosea."

Nyar Mbita alifunika uso kwa leso akalia, na mdogo mtu akasema, "Si nilisema? Nilisema tangu zamani." Mwalimu akamshika dada yake mkono. Ningekuwa nimeondoka dakika hiyo, hadithi ingeishia hapo, na sijui kama ningeandika chochote leo.

Lakini mwalimu ni mtu wa hesabu. Hesabu ikishatolewa jibu moja anatafuta lingine.

"Basi kama si huyu," akasema, "ni nani?"

"Yaache hayo, ndugu," akasema mdogo.

"Siyaachi. Miaka yote tumemlaumu mtu asiye na kosa. Mama hakuwa akitoka. Ugonjwa haukuruka juu ya paa. Kuna mtu alikuwa akienda soko la Mbita kila siku ya soko, anarudi, anamlisha mama kwa mkono wake." Hakumtaja mtu. Aliangalia tu chupa ya chai, na aliyeishika.

Yule mke akasimama katikati ya chumba. "Mimi?"

"Nauliza tu."

"Mwalimu, mimi nilikuwa nanunua mboga ya mama. Wewe ndiye ulikuwa unatuma pesa ninunue."

"Nauliza, ulipimwa? Kuna kitabu chako?"

Hakuwa na kitabu. Alimwangalia mume wake, na mume wake aliangalia sakafu. Nikamwangalia Nyar Mbita. Alikuwa ameshusha leso. Hakusema ni yeye, na hakusema si yeye. Simlaumu. Mtu aliyebeba mzigo miaka mitano ukishushwa hawezi mara moja kuinama kuuokota tena kwa ajili ya mwingine. Mimi pia ningenyamaza, na ushahidi ni kwamba nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka yule mke alipoiweka chupa chini, kifuniko kikaanguka na kuviringika mpaka kwenye mguu wangu.

"Ile mashine ilikuwa imekufa," nikasema.

Hakuna aliyeelewa. Mwalimu akasema, "Mashine gani?"

"Ya kupima. Haikuwa na betri. Hiyo namba niliiandika mwenyewe."

Akavaa tena miwani. Akafungua kitabu. "Hii?"

"Hiyo."

"Na hii ya chini yake?"

"Na hiyo."

Akafunua karatasi. "Na hizi?"

"Kuanzia ukurasa wenye doa la chai mpaka mwisho, mwalimu. Zote."

Akaendelea kufunua, polepole, na nikaona anaangalia ile namba ya mwisho inavyobadilika, tatu, saba, tano, nne. Mdogo wake akacheka. Nadhani hakukusudia, kilikuwa kicheko cha kumtoka tu. "Ulikuwa unapiga watu na bunduki tupu? Bichi nzima?" Halafu akaona uso wa dada yake akaacha.

Nyar Mbita hakupaza sauti. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuambia nikiwa na joto siendi."

"Ulisema."

"Nilikuuliza, nyieka. Nikasema kweli? Ukasema nenda."

Hapo nilisema jambo ambalo ni kweli na ambalo ningetamani nisingelisema. Nilisema tulifundishwa kwamba wengine walikuwa na ugonjwa huo bila homa yoyote, kwa hiyo hata bunduki ingekuwa nzima isingeweza kuapa. Nilisema pengine ni yeye, pengine ni soko, pengine ni mtu aliyekuja kusalimia mlangoni. Kila neno lilikuwa sahihi. Lakini lilipotoka mdomoni kwangu lilisikika kama la mtu anayetafuta mlango. Mwalimu akaninyamazisha kwa kiganja, si kwa ukali.

"Kwa hiyo hatujui," akasema.

"Hatujui," nikasema.

"Tungeweza kujua?"

"Sidhani. Lakini yeye alitaka kungoja, na mimi nikamnyima sababu ya kungoja. Hilo linajulikana."

Alikifunga kitabu akanirudishia. Akamwambia shemeji yake, yule mke, "Samahani, mama," na yeye akaokota kifuniko mguuni kwangu bila kuniangalia akaenda nje. Kisha mwalimu akamwambia dada yake alete ng'ombe wake, waje wote, hakuna wa kuzuiwa. Alisema hivyo kama mtu aliyechoka, si kama mtu aliyesamehe. Nilitaka sana kuamini kwamba nimefanya jambo jema. Lakini nilimtazama Nyar Mbita na sikuweza. Alikuwa amepewa ruhusa ya kuja kumkumbuka mama yake, na amenyang'anywa usingizi, na vyote viwili vimetoka kwenye mdomo wangu ndani ya nusu saa.

Nilingoja nje kwenye jua. Alitoka baada ya muda, akasimama mbali kidogo.

"Wewe tangulia," akasema. "Mimi nitalala hapa."

"Nyieka..."

"Tangulia, nimesema." Akageuka, halafu akasimama bila kunitazama. "Watoto uwape chakula."

Hilo tu.

Nimefika Sori saa kumi. Mume wangu alikuwa anarekebisha mlango wa banda la kuku. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, nyundo mkononi.

"Miaka mitano," akasema. "Na mimi nilikuwa nalala kitanda hicho hicho."

"Nilikuwa naogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Si yeye. Niliogopa watu waache kunipangia mstari, lakini hilo nimelijua nikiwa garini, sikulijua zamani. Akarudi kwenye mlango wake. Hakunipigia kelele, na ningefurahi kama angenipigia.

Kisha nikaenda ng'ambo ya uwanja kuwaita watoto wa Nyar Mbita na baba yao waje kula, kama nilivyoagizwa. Shemeji alikuja akiwa anacheka, ameoga, amevaa shati safi. "Nyar Kuria, mmeshinda kesi?" Aliuliza hivyo, kesi. Ningeweza kungoja ale kwanza. Lakini nimempa mtu huyu chakula mara nyingi nikiwa nimeficha, na leo mkono wangu ulikataa kupakua. Nikamwambia pale mlangoni, watoto wakiwa wanacheza na mbwa wasisikie. Nilimwambia pia kwamba ng'ombe anaruhusiwa kwenda.

Aligeuka akatazama upande wa ziwa.

"Amelia?"

"Alilia mwanzoni, wakati alipofurahi. Baadaye hakulia."

Akatikisa kichwa. "Watoto wale kwanza," akasema. "Kesho nitamfuata."

Niliuliza kama niende naye. Akasema hapana.

Kwa hiyo tulikula watu wanane kwenye mkeka. Ugali wa mahindi uliochanganywa na mtama, omena za kukaanga na nyanya na kitunguu, na kunde zilizochemshwa na maziwa jana. Watoto wa Nyar Mbita waliomba omena mara ya pili nikawaongezea. Baba yao alimega matonge mawili, akanawa, akasema asante, akaketi akiwangojea wamalize.